Yai Lililojibu Nyundo

Funga mlango huo, Kitindamimba, upepo unaingia, kisha uje ukae karibu na dada yako, maana nina mengi ya kusema na ulimi wangu bado una moto, na mnanijua sipendi kurudia jambo. Wewe mkwe wangu kaa hapo juu ya gunia la unga, utajipangusa baadaye. Na wewe shemeji huko juu kwenye ngazi, endelea na kazi yako, husikilizi kwa mikono. Najua kwa nini mnanikodolea macho. Mnaniona nimekaa kwenye kigoda mlangoni, mimi ambaye tangu mvua za baridi zianze sijashuka kwenye kitanda cha joto hata kwa kunywa maji, na mnaona kule juu ya tanuri, kwenye lile jiwe pana nililokuwa nimelalia, limelazwa yai. Nimelilaza mwenyewe asubuhi hii kabla hamjaamka. Nimepanda ngazi na kushuka ngazi kwa miguu hii hii mliyosema haiwezi kufika hata dukani, na nimefurahi, wanangu, nimefurahi mpaka mkia unanitetemeka. Huu ndio wosia wangu. Nautoa nikiwa na akili zangu zote, na shemeji ameniambia nisinyamaze, kwa sababu kila nikisema, kilicho ndani kinasukuma. Kwa hiyo mtanivumilia, leo nina ruhusa ya daktari ya kupayuka.

Tuanze na jana, maana mkwe wangu alikuwa safarini kutafuta kuni na sitaki abaki anauliza maswali nusu nusu. Jana mwashi alikuja. Sitauliza nani alimwita, kwa sababu aliyemwita anajikuna shingo sasa hivi, na mwanangu, acha kujikuna, leo sina ugomvi na wewe. Kitindamimba alitaka tanuri livunjwe. Alishaniambia mara nyingi kwamba tanuri la kuni limepitwa na wakati, linakula nusu ya nyumba, na kwamba tukiliondoa tutapata duka pana, tuweke kabati la vioo, tuchukue mikate ya kiwandani tuiuze tukiwa tumekaa, na mimi nihamie chumba cha nyuma na jiko dogo la mkaa miguuni. Nilikuwa nimechoka kubishana. Nikasema haya, mwite fundi aje apime, na moyoni nikasema nitakuwa nimeshakufa kabla hajamaliza kupima. Basi mwashi akaja na nyundo yake ndogo, akajipenyeza nyuma ya tanuri kule kwenye giza, akaanza kugonga ukuta asikie una unene gani. Ko, ko, ko. Mimi niko juu ya jiwe nimefumba macho, namsikia. Halafu nikasikia tena, ko, ko, ko, lakini pole pole na kwa uzito, na haikuwa nyundo.

Mwashi akasogeza sikio ukutani. Akagonga tena, safari hii mara moja tu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyoijua, na ukuta ukamjibu mara moja. "Mzee," akaniita kwa sauti ya chini, "kuna mtu humu ndani." Kabla sijafungua mdomo alishafika barabarani, na mkia wake kauacha hapo sakafuni unarukaruka peke yake, mtu mzima, mwenye heshima zake, mwenye wajukuu. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Ninyi mlikuja mbio mkidhani nimepatwa na kifafa, mkanikuta naonyesha ukuta kwa kidole na siwezi kusema. Mkia huo nimeufunga kwenye karatasi safi, uko kwenye rafu ya chumvi. Mpelekeeni, mumwombe radhi, na mumwambie utakaoota utakuwa mzuri zaidi, maana ule ulikuwa umepinda toka zamani na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia.

Sasa mkwe wangu, wewe umeishi humu miaka kadhaa na umeliona hilo yai kwenye kishubaka chake ukutani, na kwa adabu yako hujawahi kuuliza. Leo nakwambia bila kuulizwa. Mama yao alitaga mayai matatu. Ulikuwa ule mwaka wa baridi kubwa, kuni zimeadimika mji mzima, watu wanachoma milango na viti, na sisi wa magamba tunadondoka mmoja mmoja barabarani, mtu ametoka kununua mafuta ya taa anagandia kwenye kona na chupa mkononi. Mke wangu alitagia kwenye jiwe lile lile na hakushuka tena. Alinisaidia kuyapanga mayai kwa mkono wake, akaniambia, "Haya matatu yote ni watoto, usiyabague," akafumba macho. Nilichoma benchi za duka. Nilichoma mlango wa chumbani na kitanda chetu cha ndoa. La kwanza likapasuka, akatoka huyu binti yangu, akaninyooshea ulimi kama ananidai. La pili likapasuka, akatoka huyu mpenda vioo. La tatu halikusema kitu.

Shemeji yangu huyu, ndugu wa mke wangu, kazi yake ni kumulika mayai. Anaweka taa nyuma ya ganda, anatazama kama kuna mishipa, na neno lake mji mzima unalikubali. Akaja, akamulika, akazima taa. Akasema, "Shemeji, mshipa sioni. Hili limekufa, tulizike kando ya mama yake." Wanangu, mimi nilikuwa nimeshamzika dada yake baridi ile ile. Nilichukua ule ubao mrefu wa kutolea mikate tanuri likiwa na moto, nikamkimbiza nao hadi ng'ambo ya barabara, na sikumkosa. Usinitazame hivyo kutoka huko juu, shemeji, siombi radhi, wewe ulisema ulichokiona na mimi nilipiga nilichokiona. Toka siku ile hakukanyaga hapa. Mlango wake unatazamana na wangu, kila asubuhi tunafungua kwa wakati mmoja, na kila asubuhi kila mmoja anajitia hamnazo, anaangalia juu kama anayesubiri mvua. Mkate wangu alikuwa anaula, anatuma watu wamnunulie akidhani sijui. Nilikuwa najua. Nilikuwa namchagulia ulioiva vizuri upande wa chini, kwa sababu dada yake alikuwa anaupenda hivyo.

Yai nikalitia kwenye kishubaka nyuma ya tanuri. Joto la pale ni dogo, ukiweka kiganja unasikia uvuguvugu tu, halitoshi kuangua hata mjusi. Lakini halikupoa hata siku moja, kwa sababu tanuri hili halikuzimika hata siku moja, na kila nilipofunga duka niliingia kule nyuma nikaligeuza, kama mtu anavyomgeuza mgonjwa asije akachubuka mgongo. Watu walisema mwoka mikate kachanganyikiwa. Wateja wetu wa damu moto ndio walicheka zaidi, na siwalaumu, wao wakizaliwa kila mmoja anapewa jiko lake tumboni na anazunguka nalo mpaka anakufa, hawajui maana ya kuwa na joto nje ya mwili wako, kwenye ukuta, kwenye jiwe, kwa mwenzako. Mimi sikujua kama yai ni zima. Nisiwadanganye, wala sikuota ndoto, wala sikusikia sauti. Niliambiwa nisiyabague, basi, sikulibagua.

Jana binti yangu akavuka barabara akamleta mjomba wake. Alikuja na taa yake, akamulika, taa haikuonyesha chochote, maana ganda limekuwa nene kama kigae miaka yote hii. Akaweka taa chini. Akatoa ulimi, akaligusa yai kwa ncha zote mbili, akabaki hivyo. Halafu mtu mzima huyu akakaa sakafuni na machozi yakamtoka, akasema, "Kimo. Ki hai, na kina njaa." Sitasahau. Nilimwona kutoka juu ya jiwe, na moyo wangu ulikuwa unanidunda kama wa kijana anayekwenda kuposa.

Na hapo, wanangu, mkadhani nimelala. Mkasogea kwenye kona ya unga mkanong'ona. Shemeji akawaambia ganda hilo mtoto hawezi kulivunja mwenyewe, kwamba litapakwa mafuta ya moto na kukatwa kwa tupa taratibu, lakini kwanza yai lilale kwenye joto kamili, kwa sababu kilicho ndani kimeamka na hakiwezi kulala tena, na kwenye uvuguvugu wa kishubaka kitagonga mpaka kichoke, na kikichoka basi. Na joto kamili nyumba hii liko mahali pamoja. Kitindamimba akasema, "Pale yupo baba." Binti yangu akasema, "Basi tutangoja." Mjomba wenu akauliza mtangoja nini, na hakuna aliyemjibu. Nilisikia ukimya wenu, wanangu, na niliupenda kuliko maneno yote mliyowahi kuniambia. Mlikuwa tayari kumpoteza huyu ili msinishushe mimi. Sasa naomba nisikilizwe vizuri: hiyo ni mara ya mwisho mnafanya ujinga wa aina hiyo.

Mwanangu wa kwanza, hilo jiwe la moto unaloniletea limefungwa kwa kitambaa, nimeliona, lirudishe tanurini. Lirudishe nimesema. Joto la tanuri lile likigawanywa haliwi joto tena, na mwili wa mzee kama mimi unanyonya joto kama mkate mkavu unavyonyonya chai, haubakizi kitu. Tungelala wawili pale juu, kesho asubuhi mngetukuta wawili tumepoa. Na msiseme tumpeleke baba kwa jirani. Mwaka huu sikujivua ngozi. Mnajua maana yake, mmejitia hamjui, mmekuwa mkinisugua mgongo kwa mafuta na kusema itatoka tu, itatoka tu. Haitoki. Mzee asiyejivua tena ngozi amefika mwisho wake, na lile jiwe lilikuwa linanishikilia tu, linanirudishia siku ile ile kila siku. Nimekula chumvi ya kutosha. Nilikuwa nimelala pale kama mzigo uliosahauliwa stesheni, na ghafla ukuta ukabisha hodi, na nikajua kazi bado ninayo. Mnafikiri ninaumia? Jamani, sijawahi kufurahi hivi toka siku mama yenu aliponikubali.

Shemeji, vipi huko? Linasukuma? Anatingisha kichwa, linasukuma. Vizuri. Mnaona, haongei, na ninyi pia mtafunga midomo yenu ikifika wakati, na sasa nataka niseme hilo, maana ndilo kubwa kuliko mali yote.

Mtoto wetu akivunja ganda, sauti ya kwanza kuingia masikioni mwake ndiyo mzazi wake. Mnalijua hilo, kila mmoja wetu analijua, lakini kujua ni kitu kimoja na kufunga mdomo ni kitu kingine. Mnamkumbuka fundi viatu wa mtaa wa nyuma. Mayai yake yalikuwa dirishani, mke kaenda kuchota maji, na yule mnoa visu akapita nje na gurudumu lake, "Visu, mikasi, mashoka," na yai likapasuka wakati huo huo. Mtoto akatoka, akashuka dirishani, akamfuata mnoa visu. Fundi viatu alimrudisha nyumbani, akamfungia, akambembeleza, mtoto akagoma kula hata kidogo, mpaka mnoa visu alipoitwa na kumlisha kwa mkono wake. Yule mnoa visu hakuwa na mke, alikuwa mlevi mzuri tu, na ghafla akawa mama. Akaacha pombe. Mpaka leo huyo kijana ni mtu mzima anapiga kelele mtaani, "Visu, mikasi," na fundi viatu anamnolesha visu ambavyo ni vikali tayari, ili amwone. Mnacheka, na mimi nacheka, lakini fundi viatu hacheki.

Hivi sasa, kupitia ganda nene namna ile, sauti yangu inamfikia kama ngoma inayopigwa nyumba ya pili, anasikia mtikisiko tu, hajui ni ya nani. Ganda likishafunguka atajua. Na akinijua mimi, wanangu, atafuata mwili unaopoa, atakataa mkono mwingine wowote, nitamchukua niende naye. Kwa hiyo nimepatana na shemeji. Akiona ganda linaachia, atainua mkono. Mkono ule ukipanda, mimi nanyamaza, hata neno likiwa nusu mdomoni, na sisemi tena humu ndani. Wala ninyi msiseme. Atasema mmoja tu.

Binti yangu, sogea. Sogea hapa karibu, mguu wangu huu wa kushoto siusikii, usiukanyage tu. Wewe umetaga mara mbili. Mara mbili mmulika mayai wa mtaa wa pili amekuja kumulika, maana mjomba wako sikumruhusu, na mara mbili ulitoka kule chumbani na kifurushi cheupe mkononi, ukaenda kuzika mwenyewe, ukarudi ukakanda unga. Hukulia mbele yangu. Mimi nilikuwa juu ya jiwe nalia kwa niaba yako. Huyu anayegonga ni mdogo wako kwa damu, lakini atakapotoka hatajua habari za damu, atajua sauti. Nataka iwe yako. Sikupi kwa huruma, usije ukafikiri baba ananigawia kitu cha kunifuta machozi. Nakupa kwa sababu nimekusikia ukiongea na hamira asubuhi, ukiiambia haya amka, haya jitahidi, na nikasema moyoni, mtoto atakayeitwa hivyo atatoka popote. Mkwe wangu, na wewe unakubali? Amekubali. Analia huyo, mpeni kitambaa, sio hicho, hicho ni cha mikate.

Haya, mali. Mali ni nyepesi. Tanuri, jiwe na kishubaka ni vya huyu anayekuja, na binti yangu atamshikia mpaka awe na nguvu ya kuinua gogo. Moto usizimike. Kuni za mvule ziwekwe nyuma, za msonobari mbele, zile za mvule ndizo zinazokaa mpaka asubuhi. Kitindamimba, wewe duka la mbele lote ni lako, na toroli, na wateja, kwa sababu una ulimi mtamu na mimi wateja nilikuwa nawafukuza. Weka vioo vyako, mwanangu, weka hata taa za rangi, lakini nyuma ya vioo kuwe na mkate wa hapa. Na pole, cheo chako kimekwisha. Umekuwa mtoto wa mwisho maisha yako yote, umekula mkate wa kwanza kutoka tanuri kila siku kwa haki ya kuwa mdogo, na kuanzia leo haki hiyo ina mwenyewe. Usinune. Yote haya umeyaleta wewe na mwashi wako, ungeacha kuniletea mwashi tungepita kwenye ukuta ule mpaka mwisho wa dunia.

Mkwe wangu, shoka langu na ule mkokoteni mkubwa. Shemeji, wewe chukua ubao wa kutolea mikate. Uutundike ukutani kwako, ulale ukijua hautakufuata. Anacheka, angalieni, mabega yanamtikisika, shika tupa vizuri bwana, utamkata mwanangu pua. Hatukusalimiana miaka yote hii, na tumefanya kazi bega kwa bega tangu asubuhi kama watu walioachana jana. Sina kinyongo na wewe. Mtakapokula mkate jioni, kipande cha chini apewe yeye.

Ngozi. Ngozi zangu za zamani ziko kwenye kasha, zimeviringishwa. Ile ya juu kabisa, yenye madoa ya kijani, ni ya mwaka niliooa. Nilikuwa na rangi nzuri, msinione hivi. Hiyo ndiyo... hiyo mtamfunika nayo mtoto akitoka. Nyingine nilizitoa asubuhi, amezilalia tayari. Ya mama yenu msiiguse, hiyo nitavaa mimi.

Baridi imefika kiunoni. Ni kitu cha ajabu, haiumi. Ni kama mtu anakupandishia shuka pole pole. Maneno ndiyo yanaanza kuwa... yanaanza kuwa mbali, naona neno liko kule na lazima niende kulichukua. Msinisogeze. Hapa mlangoni ni pazuri, naliona tanuri lote. Kitindamimba, usinishike mkono, mikono yako ina moto, utanidanganya mwili. Haya, shika kidogo. Kidogo tu.

Nikishapoa, mtanilaza uani, upande wa ukuta wa tanuri, kwa nje. Msinitie kwenye sanduku. Na msilie. Sikilizeni hili, nyote, hata wewe wa ngazini. Msilie mpaka mtoto ale. Asije akasikia kilio kabla ya jina la chakula. Mtakaa na mimi hapa mlangoni nikiwa nimeshaondoka, na mtakaa kimya, na mtatabasamu, kwa sababu atakuwa anawatazama. Akishakula kwenye kiganja cha binti yangu, akashiba, akalala, basi hapo piga kelele zenu mpaka mwashi akate mkia mwingine. Mnaahidi? Kitindamimba, sijakusikia. Ameahidi.

Mungu awape moto usiozimika. Awape... awape kuni kavu, na miguu ya kuamka alfajiri. Mpendane vizuri, mgombane kidogo, msinuniane ng'ambo ya barabara kama sisi wapumbavu wawili. Binti yangu, akupe sauti ndefu. Kijana wangu, akupe subira, maana akili unayo. Huyu anayekuja... sijui ni mume au mke. Sijui ana macho ya nani. Nimeligeuza hilo yai nikiwa kijana, nimeligeuza nikiwa mzee, najua kila kipele cha ganda lake, na sura yake siijui. Nitaiona? Kutoka hapa naona jiwe. Naona mgongo wa shemeji. Inatosha, nitaona kidogo. Linagonga sana sasa. Mnasikia? Halikuwa na nguvu hivi asubuhi. Anasukuma, jamani, anasukuma kama...

Niendelee. Nisinyamaze. Nini tena. Mtungi wa mafuta ya ufuta umepasuka chini, uhamisheni. Paka wa jirani asiingie. Unga wa kesho... unga wa kesho mkande mapema. Maji yawe ya uvuguvugu, sio ya moto, mtaiua hamira. Chumvi mwisho. Huwa mnaweka mwanzo, nawaona, mnafikiri sioni. Chumvi inawekwa mwisho, donge likishashikana, mnainyunyiza pole pole huku mna...

Mkono unaanza kupanda. Binti yangu, ni wewe.